Vidole Vitatu vya Kondo Besi

Ukishuka kwenye barabara kuu pale Mlandizi, ukawapita wauza matikiti na vijana wa bodaboda, utalikuta benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya baiskeli. Hapo ndipo kijiweni. Wenyewe wanapaita Mahakamani, kwa sababu kesi haziishi na hukumu haitolewi. Kahawa anauza Zaidi, kijana mpole mwenye birika la shaba na sahani ya kashata. Wenye benchi ni watatu. Yupo Hamza, dereva wa lori mstaafu, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Yupo Jumbe fundi cherehani, anayeitwa Katiba kwa kuwa kila jambo kwake lina kifungu. Na yupo Kondo, mkulima wa mpunga kule bonde la Ruvu, ambaye mji mzima unamwita Kondo Besi, maana tangu ujanani ndiye mpiga gitaa la besi wa bendi ya Bondeni Sound. Asubuhi hiyo Kondo alikuwa anarudi kijiweni kwa mara ya kwanza tangu mkanda wa pampu ya maji umnase mkono wa kushoto shambani, ukamwachia gumba, kidole cha shahada na cha kati. Vile viwili vya pembeni vilibaki bondeni.

Alikuja taratibu, mkono ameuzika kwenye mfuko wa koti.

— Sogeeni, sogeeni! — Redio alipaza sauti. — Mwenye benchi karudi! Zaidi, mpe kikombe mzee wako.

— Shikamoo mzee Kondo — alisema Zaidi.

— Marahaba, mwanangu.

— Toa mkono tuuone — alisema Katiba. — Hapa kijiweni hakifichwi kitu. Ni kifungu cha kwanza.

Kondo alisita. Kwa muda wote aliokaa nyumbani, huo mkono aliuonyesha kwa mkewe na kwa muuguzi tu. Mwishowe akautoa, akauweka juu ya goti. Ngozi ilikuwa imeshafunga, nyororo kama ya mtoto. Wote wakainama kuutazama. Hata Redio.

— Pole sana kaka — Redio alisema kwa sauti ya chini.

— Nimeshapoa.

— Usihuzunike — alisema Katiba. — Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe unavyo vitatu. Piga hesabu mwenyewe, hao ni chawa wangapi?

— Katiba, nani hapa ana chawa?

— Nafafanua methali, Redio.

— Unaidhalilisha.

Kondo akajikuta anacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko kilimtoka kama kikohozi. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa, kahawa ikamchoma ulimi, akaona raha.

— Sasa twende kwenye ajenda — Redio alisema, akajipangusa mdomo. — Jumamosi kuna harusi Kibuta, kule Kisarawe. Anaolewa mpwa wa Jabiri. Bendi ni Bondeni Sound. Swali ni moja tu: besi anapiga nani?

Kondo alipuliza kahawa yake. Jabiri ndiye kiongozi wa bendi, mpiga solo na mwimbaji, na jioni iliyopita alikuwa amempigia simu. Alisema maneno machache, kwa upole. Bendi imekataa shughuli nyingi kumsubiri yeye, lakini hii ya mpwa wake hawezi kuikataa. Kuna kijana mmoja wa Sofu, anaitwa Brighton, anaipigia kwaya besi kanisani kwao, anaweza kuja. Wewe sema tu, Kondo. Ukisema unarudi, simchukui. Kondo aliahidi kumjibu, na mpaka asubuhi hii alikuwa hajamjibu.

— Anapiga Kondo — alisema Katiba. — Nani mwingine? Bondeni Sound bila Kondo ni chai bila sukari.

— Ni chai bila majani — Redio alimrekebisha.

— Ni chai bila maji!

Zaidi alikuwa anasuuza vikombe. Akauliza kwa adabu:

— Samahanini wazee wangu. Hivi besi lenyewe ndio lipi? Mimi kwenye harusi nasikiaga solo, nasikia ngoma, nasikia mwimbaji. Besi mbona silisikiagi?

— Astaghfirullah! — Redio alishika kichwa. — Huyu mtoto tunanunuaje kahawa kwake?

— Mwache, kauliza vizuri — alisema Kondo. — Zaidi, ukiwa harusini umekaa, huna mpango wa kucheza, ukashtukia kiuno kinasogea chenyewe, hiyo ndiyo besi. Ngoma inakuhesabia. Besi inakusukuma. Na ukiisikia sana, ujue mpigaji kakosea.

— Umeona? — Redio alimwambia Zaidi. — Enzi zile bendi ya Msondo walikuwa na mpiga besi Suleiman Mwanyiro, wakimwita Kompyuta. Unadhani waliokuwa wanacheza pale chini walikuwa wanamtazama? Walikuwa wanatazamana wao kwa wao! Lakini angenyamaza yule, wangebaki wamesimama kama watu walioachwa na basi.

— Sasa ikiwa hivyo — alisema Katiba — dunia inamhitaji Kondo arudi. Hapo hakuna mjadala. Mjadala ni kwa utaratibu gani. Vidole vilivyoondoka ni vya mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Sivyo, Kondo?

— Ndivyo. Wa kulia unachapa, wa kushoto unabana.

— Rahisi! — Redio alipiga goti. — Geuza gitaa. Wa kulia ubane, wa kushoto uchape. Yule Mwingereza mpiga besi, McCartney, si anapiga kwa kushoto? Na kawa tajiri!

— Yeye ndivyo alivyozaliwa, Redio. Mimi mkono wangu wa kulia haujui njia za huko juu. Ni sawa na kukwambia wewe uendeshe lori kinyumenyume mpaka Tunduma.

— Nimeshawahi.

— Hujawahi.

— Mpaka Chalinze nimewahi. Haya, sikia nyingine. Kulikuwa na Mmarekani, Jamerson, wa Detroit. Wanasema huyo alikuwa anachapa besi kwa kidole kimoja. Kimoja tu! Na nyimbo alizopiga zimezunguka dunia nzima. Wewe una vitatu, unalalamika nini?

— Sijalalamika — alisema Kondo.

— Kipingamizi! — Katiba aliinua kikombe. — Huyo kidole chake kimoja kilikuwa cha mkono wa kuchapa. Kondo mkono wa kuchapa hauna kesi. Ushahidi wako hauhusiani na shauri lililopo.

— Na yule Mfaransa aliyeungua mkono akapiga gitaa kwa vidole viwili?

— Django. Huyo hakuwa mtu wa besi, alikuwa mtu wa solo. Usituchanganyie mafaili. Suluhisho lipo, na ni la uwiano. Gitaa la besi lina nyuzi nne kwa sababu binadamu ana vidole vinne, gumba haliingii kwenye hesabu. Kondo amebakiwa na viwili bila gumba. Kwa hiyo tunatoa nyuzi mbili. Mzani unakaa sawa. Si wanasema, chanda chema huvikwa pete?

— Sasa pete inaingiaje hapo, na kidole cha pete ndicho kilichokwenda?

— Ndiyo maana nimeileta. Kumbukumbu.

Kondo akaangalia mkono wake. Kidole cha pete. Madaktari walipomweleza hospitali kwamba hakikuokolewa, hakulia. Alilala. Alilala usingizi mzito, wa mtu aliyetua mzigo, na alipoamka akajionea aibu. Hilo hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa hata kulifikiria kwa urefu. Toka ujana, kila Jumamosi mgongo wake ulikuwa umebeba lile gitaa zito, na kila Jumapili alikuwa anaamka masikio yanavuma. Watu wanasema kazi ukiipenda haichoshi. Yeye aliipenda, na ilimchosha. Na sasa mji mzima unampa pole kana kwamba amefiwa, naye hajui kama amefiwa ama amepumzishwa.

— Kuna vidole bandia siku hizi — Redio alikuwa ameshahama mada. — Wajapani wanatengeneza. Vina betri. Jioni unavichomeka ukutani vinajaa chaji.

— Umeme ukikatika? — aliuliza Zaidi.

— Unaviwekea sola.

— Harusi ya usiku hiyo sola itapata wapi jua?

— Zaidi, uza kahawa! Na kama Japani mbali, mimi mwenyewe nitamchongea. Nachukua spoku za baiskeli hapo dukani, navisha mpira wa tairi, nafunga na gundi. Kidole cha tairi kinabana vizuri kuliko cha nyama. Tairi haliumwi.

— Kiafya hairuhusiwi — alisema Katiba. — Njia halali ni ushirikiano. Kondo anasimama mbele, mkono wake wa kulia unachapa. Nyuma yake anasimama mtu mwingine, anapitisha mkono wa kushoto kwenye kwapa, anabana. Mikono miwili, watu wawili, besi moja. Umoja ni nguvu.

— Huyo wa nyuma ni nani?

— Zaidi hapa. Ana vidole virefu.

— Mimi? — Zaidi alishtuka, karibu amwage kahawa. — Mzee Katiba, si nimesema hata silisikiagi!

— Utalisikia ukiwa kwapani.

Benchi zima likalipuka. Mwenye duka la baiskeli akachungulia kuona kuna nini. Redio, ambaye hapendi kicheko kitolewe na mwingine, akainua mkono.

— Mnacheka, hamjui historia. Kisarawe kulikuwa na mtu anaitwa Mwinyijuma Kisigino. Babu yangu kamwona kwa macho. Alikuwa anaweka gitaa chini kwenye mkeka, anabana nyuzi kwa kisigino, anachapa kwa mikono yote miwili. Akipiga huyo, nazi zinadondoka.

— Namkumbuka — alisema Katiba.

— Humkumbuki, ulikuwa hujazaliwa.

— Namkumbuka kwa kusimuliwa. Alikuwa anapaka kisigino mafuta ya nazi.

— Ya ufuta.

— Ya nazi, Redio! Ndizo hizo zilizokuwa zinadondoka!

— Basi Jumamosi Kondo anavua viatu. Imepita. Nani anaunga mkono?

— Tunaunga.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mtu ambaye hakuna aliyemtilia maanani. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye fimbo na ndala za matairi, mmoja wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakakaa ng'ambo ya Ruvu. Jina lake Nyanda. Alikuja sokoni kuuza maziwa, madumu yakaisha mapema, akaona kahawa, akaketi. Muda wote alikuwa anasikiliza, kikombe kimetulia kiganjani.

— Samahanini ndugu zangu — alisema. — Mimi ni mgeni kwenye mazungumzo. Naomba kuuliza kitu kidogo.

— Uliza, bwana. Mahakama iko wazi.

— Huyu mzee mwenye mkono. Mmesema ageuze gitaa, mmesema avae tairi, mmesema apige kwa kisigino. Kwani yeye mwenyewe amesema anataka kurudi?

Katiba akatafuta kifungu, hakukiona. Wakageuka wote kumtazama Kondo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyekuwa anautazama mkono. Walimtazama usoni.

Kondo alitaka kusema ndiyo. Neno likagoma. Akajaribu kusema hapana, nalo likakataa. Akaona macho ya rafiki zake yanasubiri, akaona hata aibu kwa niaba yao, maana hawakuwa na ubaya wowote. Walimpenda tu, wakasahau kumuuliza.

— Sijui — alisema hatimaye.

Zaidi akainamisha birika kumjazia, likatoa tone moja na mvuke.

— Imekwisha, mzee wangu.

— Haidhuru — alisema Kondo, akasimama, akarudisha mkono mfukoni. — Mungu akipenda, kesho.

Nyumbani kwake, Tunu mkewe alikuwa uani anamenya mihogo. Kondo alimsalimia, akapita ndani moja kwa moja. Gitaa lilikuwa ukutani limefunikwa kanga. Tunu ndiye aliyelifunika, siku ile mumewe alipotoka hospitali, bila kusema neno. Kondo akalifunua, akaketi kitandani, akaliweka pajani.

Halikuchomekwa kwenye spika, kwa hiyo sauti yake ilikuwa ndogo, ya kunong'ona. Akabana uzi mnene kwa kidole cha shahada, akachapa. Ikatoka. Akajaribu cha kati. Ikatoka. Kisha mkono, kwa mazoea yake, ukataka kupeleka kidole cha mwisho kwenye chuma cha mbele cha shingo ya gitaa, na pale pasipo na kidole pakauma, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akasimamisha. Akaanza upya, polepole, safari hii akiuhamisha mkono wote badala ya kuutanua. Wimbo wa haraka usingewezekana. Wa taratibu ulikubali. Ulitoka na mapengo, lakini ulitembea.

Aliposimama kulirudisha, Tunu alikuwa mlangoni, kisu mkononi.

— Baba Salama, limekubali?

— Wimbo wa taratibu umekubali. Wa haraka, bado.

— Kwa hiyo unakwenda Jumamosi kupiga?

— Wote wananiuliza hilo. Wewe unasemaje?

— Mimi nasema mihogo inaungua — Tunu alijibu, akageuka. Kisha akasimama. — Usinipe mimi nikuamulie, halafu uje unilaumu uzeeni. Wewe kaa na moyo wako. Ila mimi Kibuta nakwenda. Bi harusi mamaake alikuja mwenyewe kunialika.

Kondo akakaa tena kitandani. Alijaribu kujiona akiwa mtu ambaye watu hawamwiti Besi. Kondo nani, sasa? Kondo wa mpunga? Kondo Mkono? Alikaa hivyo mpaka harufu ya mihogo ikamfikia. Kisha akachukua simu akampigia Jabiri.

— Mchukue kijana — alisema. — Na mwambie asihangaike na gitaa la kuazima. Nitamletea langu.

— Una uhakika, kaka?

— Sina. Lakini mchukue.

Jumamosi mchana wakapanda wote gari dogo la mizigo lililobeba spika, wakapita Kibaha, wakakata kuelekea Kisarawe. Tunu alikaa mbele na dereva, na gauni lake jipya la kitenge. Kondo alikaa nyuma na wanabendi, gitaa magotini. Redio na Katiba nao walikuwemo, ingawa hakuna aliyewaalika. Redio alieleza kwamba anakwenda kwa niaba ya vyombo vya habari. Katiba alisema anakwenda kusimamia haki.

Brighton walimkuta huko huko Kibuta, amefika kwa bodaboda kutoka Sofu. Alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na viganja vinatoka jasho.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Hili hapa. Uzi wa tatu unapenda kulegea, uangalie.

Brighton alilipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto mchanga. Akaona mkono wa Kondo, akaangalia pembeni upesi.

— Utazame tu — alisema Kondo. — Hauumi kwa kutazamwa.

Alasiri wakaanza. Uwanja ulikuwa wa mchanga uliofagiliwa, turubai la bluu juu, sufuria za pilau zinafunuliwa nyuma ya nyumba. Kondo alitafutiwa kiti cha plastiki mbele, miongoni mwa wazee. Alikaa vibaya, hajui aweke mikono wapi. Hakuwahi kukaa upande huu. Kutoka jukwaani harusi zote ni vichwa. Kutoka kwenye kiti, aliona miguu.

Na miguu haikuwa sawa. Brighton alikuwa hodari, vidole vyake vinakimbia kama panya darini, lakini alijaza kila mahali. Hapakubaki upenyo. Wachezaji walikuwa wanainua mguu, hawapati pa kuushusha, wanarudi kukaa. Redio akamnong'oneza Kondo sikioni:

— Unaona? Unaona? Nenda kampokonye!

— Tulia, Hamza.

Wimbo ulipokwisha, Kondo akasimama akasogea hadi pembeni ya jukwaa. Brighton akainama, uso umemshuka.

— Nimeharibu, mzee?

— Hujaharibu. Unapiga vingi. Kanisani watu wamesimama na vitabu, unaweza kuwajazia. Hapa mtu anataka kukanyaga chini. Ukishapiga, ngoja. Mwachie ardhi yake.

— Ningoje kiasi gani?

— Mtazame yule bibi mwenye ushungi wa njano. Mguu wake ukitua, ndipo upige.

Bibi mwenye ushungi wa njano hakujua kwamba amepewa kazi. Brighton alimkazia macho, akapunguza, akapunguza tena. Wimbo wa pili ulipofika katikati, kitu kikafunguka. Kondo alikisikia kabla ya kukiona. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakasimama mstari mzima, wakafuata wajomba, wakafuata watoto. Vumbi likaanza kupanda. Katiba mwenyewe alikuwa katikati, ameinua mikono, anacheza bila kifungu chochote.

Kondo alirudi kwenye kiti chake, na hapo ndipo kitu kilipomshika. Harusi inakwenda. Inakwenda bila yeye. Kilimuuma kuliko ule mkanda wa pampu. Basi nilikuwa naitaka, aliwaza. Nilikuwa naitaka kazi hii, na sikujua mpaka nilipomwona mwingine ameishika. Machozi yakamlenga, akajifanya anapangusa vumbi.

Jabiri alimwona. Wimbo ulipokwisha akashusha kipaza sauti, akaja hadi kwenye kiti akachuchumaa.

— Tunafuata na wa taratibu — alisema. — Ule unaoupenda. Tunu kaniambia nyumbani ulikukubali. Njoo, Kondo. Mmoja tu. Kijana yuko tayari kukupisha.

Redio, ambaye masikio yake hayana mlango, alikuwa ameshadaka.

— Besi! — alianza kupiga makofi. — Besi! Besi!

Watu wa Kibuta hawakujua ni kwa nini, lakini harusi ni harusi. Uwanja mzima ukaitikia. Brighton akasimama amelivua gitaa, amelinyoosha kwa Kondo, na hakukuwa na kinyongo usoni mwake. Kondo akainuka. Vile vidole vitatu, bila kutumwa, vilikuwa vimeshajikunja mahali pake.

Akatazama upande wa wanawake. Tunu hakuwa anapiga makofi. Alikuwa amekaa na sahani yake ya pilau, anamtazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Harusi ngapi alikaa hivyo? Zote. Alikuwa akicheza na dada zake, na majirani, akarudi kukaa, akasubiri spika zipakiwe.

— Jabiri — alisema Kondo. — Nataka kurudi. Sikuwa najua, sasa najua. Wiki ijayo nitakuja mazoezini, na huyu kijana awepo, tugawane. Za haraka zake, za taratibu zangu.

— Basi anza sasa!

— Leo hapana.

Akavuka uwanja kwa miguu, makofi yakapungua, watu hawaelewi. Redio akamwita kwa jina, Katiba akamziba mdomo. Kondo akasimama mbele ya mkewe, akampa mkono wa kushoto. Huo huo.

— Mama Salama, twende tukacheze.

Tunu alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya.

— Wewe? Mimi na wewe?

— Kwani hujawahi kucheza na mumeo?

— Nicheze naye lini? — Tunu aliweka sahani chini. — Siku ya harusi yetu mpiga besi wenu alichelewa, ukaondoka kwenye kiti cha bwana harusi ukaenda kupiga mwenyewe. Nilicheza na kaka yako mpaka mwisho. Au umesahau?

Alikuwa amesahau. Kweli kabisa, alikuwa amesahau. Wanawake waliokaa jirani wakacheka, Tunu naye akacheka, akaushika ule mkono bila kuuchagulia pa kushika, akasimama.

Jabiri alikuwa ameshaanza solo, taratibu. Ngoma ikaingia, Brighton akalivaa tena gitaa. Wakafika katikati, Kondo akajitayarisha, akainua mguu, na moja kwa moja akaushusha juu ya mguu wa mkewe. Akaomba radhi. Akajaribu tena, akapishana naye, bega likagonga bega. Mtu aliyewachezesha watu wa Mlandizi na Kisarawe maisha yake yote alikuwa hajui kucheza. Kiuno kilikuwa kigumu kama mlingoti, na macho yake, kwa mazoea, yalikuwa yanatazama jukwaani.

— Nitazame mimi — Tunu alimwambia.

— Sijui nianzie wapi.

Tunu akamsogeza karibu, akamwekea mkono mgongoni.

— Acha kufikiri, Baba Salama. Fuata besi.

Kondo akasikiliza. Brighton akapiga, akangoja. Kondo akashusha mguu, na chini palikuwa wazi.